Hesabu ya Nyumba ya Kupangisha

Darasani hesabu ya riba huonekana kuwa jambo la mtihani tu. Mwaka huu nimeiona ikiingia nyumbani kwetu, hapa Gisenyi.

Baba yangu mdogo alitaka kununua nyumba, aitengeneze, kisha aipangishe. Bei yake ilikuwa faranga 8,000,000. Alikuwa na akiba ya 3,000,000. Zile 5,000,000 zilizosalia angezikopa kwa miaka 5, kwa riba ya asilimia 18 kila mwaka juu ya deni lililobaki. Rehani ingekuwa nyumba ya bibi, ambayo sote twakaa ndani yake. Kodi aliyoitumaini ni 120,000 kwa mwezi, yaani 1,440,000 kwa mwaka. "Itajilipa yenyewe," alisema.

Nikachukua daftari. Ili hesabu iwe nyepesi, tuseme malipo hufanywa mara moja, mwisho wa mwaka. Mwaka wa kwanza atalipa 1,000,000 ya deni na 900,000 ya riba, jumla 1,900,000. Kodi yote, hata nyumba isipokaa tupu mwezi mmoja, yapungua kwa 460,000. Mwaka wa pili yapungua kwa 280,000, wa tatu kwa 100,000. Ni mwaka wa nne tu ndipo kodi inapolizidi lipo. Hizo 840,000 zitatoka wapi? Baba mdogo aliniuliza kama nimekosea kuzidisha.

Akikopa kwa miaka 10, lipo la mwaka wa kwanza litakuwa 1,400,000, na kodi yatosha kwa shida. Lakini jumla ya riba yapanda kutoka 2,700,000 hata 4,950,000, karibu sawa na mkopo wenyewe!

Na hapo sijataja matengenezo. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba nyingi za Rubavu, na hii ni mojawapo. Fundi aligonga ukuta wa nyuma, akasema huo si wa kupakwa chokaa: ubomolewe, msingi uchimbwe upya, na mkanda wa zege upite juu. Gharama 1,500,000. Yafaa fundi aitwe kabla ya kupatana bei, si baada yake.

Tena mji wetu umeshikana na Goma. Machi 2020 mpaka ulipofungwa kwa ajili ya korona, mchuuzi aliyezoea kuvuka kila siku angelipa kodi kwa fedha gani?

Bibi aliniambia nimsomee daftari polepole, mara mbili. Kisha akauliza, "Na mpangaji akihama, mjukuu wangu, atakayelipa ni nani?" Nikamjibu kwamba ni nyumba hii tuliyoketi. Akairudisha hati sandukuni, akafunga.

Baba mdogo amerudi kwa muuzaji na karatasi ya fundi, akitaka bei ipunguzwe 1,500,000. Amemwomba pia mkopeshaji aipokee nyumba ile ile inayonunuliwa kuwa rehani. Wote wawili bado hawajajibu.