Fomu ya HR: Ujaze Kweli au Uweke 3 Kote?

Mdogo wangu wa Nakasero, swali lako nimelipata. Ofisi imewatumia fomu ya kupima mnavyoridhika na kazi, juu wameandika "siri kabisa", nawe unataka kuweka 3, ile ya katikati, kote upite salama. Mimi si ssenga, yule shangazi wa kutoa ushauri, ila kwa hili nisikilize.

Kwanza soma pale juu. Kama ni fomu ya Google na inasema barua pepe yako itarekodiwa, hiyo siri haipo. Kisha tazama wanachouliza kukuhusu: idara, jinsia, miaka kazini. Uhasibu mko sita, na mwanamke mwenye miaka minne ni wewe peke yako. Jina la nini tena? Kabla ya kujaza, muulize HR nani ataona jibu la mtu mmoja mmoja, na kama majibu ya idara ndogo yatachanganywa na ya nyingine. Si ukorofi huo. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu 2019, na anayekusanya taarifa zako anapaswa kukueleza anazitakia nini.

Ukiridhika, jaza kweli. Kipimo hiki cha "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa" kilianza na Mmarekani Rensis Likert, 1932, na ukikaa katikati kote bosi anasoma kwamba mambo ni shwari. Mwaka 1985 mtafiti Paul Spector alitenga maeneo tisa ya kuridhika na kazi, yakiwemo mshahara, kupanda cheo, msimamizi na wenzako. Alifanya vyema, maana mtu anaweza kuipenda kazi na bado amemchoka msimamizi. Toa alama ya juu panapostahili, ya chini panapouma.

Kwenye maoni, "uongozi ubadilike" haimsaidii mtu. Andika: "Mkutano wa Jumatatu saa moja na nusu asubuhi unatukuta kwenye foleni ya Jinja Road." Na usiandike unavyoongea, ofisi nzima inakujua kwa hizo "banange" zako!

Ila kama mwajiri anakukata asilimia 5 ya akiba ya NSSF na haifiki huko, pamoja na ile 10 anayopaswa kuchangia yeye, hilo halipimwi kwa nambari. Angalia akaunti yako, na ukikuta pengo peleka malalamiko NSSF wenyewe.

Halafu, matokeo ya fomu ya mwaka jana mlionyeshwa? Kama bado, mkutano ujao anzeni na hilo.