Kupima Mahindi: Jibu Jema Huanzia Guniani

Ndugu mkulima wa Borabu, tazama punje mbili za mahindi kiganjani mwako. Moja ni ya kawaida. Nyingine imebadilishwa vinasaba, yaani imetiwa maabarani chembe ya urithi, mara nyingi ya kiumbe kingine. Huwezi kuzitofautisha kwa jicho wala kwa ulimi. Wala usidhani mbegu chotara kama H614 ni namna hiyo. Chotara hupatikana kwa kuzalisha mahindi kwa mahindi.

Basi hupimwaje? Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kijikaratasi. Punje husagwa na kutiwa maji, kijikaratasi huchovywa, na mstari hutokea kama protini mpya imo. Ya pili ni mtambo unaotafuta kinasaba chenyewe na kukinakili: 1 huwa 2, 2 huwa 4, na baada ya duru 30 nakala hupita milioni 1,000. Mbegu za mafuta hupimwa vivyo hivyo. Mwaka 2019 Kenya iliruhusu pamba ya namna hiyo ilimwe. Mashudu yake, chakula cha ng'ombe, hupimika. Mafuta yaliyosafishwa hayabaki na kinasaba cha kutosha.

Sasa lishike neno hili: mtambo hupima kile ulichopeleka tu. Tuseme katika kila punje 100, moja imebadilishwa. Hiyo ni asilimia 1, na kanuni za Kenya za mwaka 2012 zataka chakula kinachopita kiwango hicho kiandikwe hivyo. Ukichukua punje 10, mara 9 katika 10 utaikosa. Ukichukua 300, utaikosa kama mara 5 tu katika 100. Mnunuzi asiyeitaka akipima upya na kuiona, huenda akarudisha mahindi yote ya chama chenu, na hasara ya nauli ni yenu.

Kwa hiyo fanyeni hivi:

1. Futeni bambo kwanza. Vumbi la shehena nyingine hudanganya mtambo.

2. Chomeni kila gunia juu, katikati na chini.

3. Changanyeni juu ya turubai safi, gaweni mafungu manne, chukueni mawili yanayokabiliana. Rudieni hata zibaki kilo mbili.

4. Pelekeni kilo moja. Ya pili ifungeni mbele ya mashahidi, andikeni tarehe, wekeni. Ugomvi ukizuka, hiyo ndiyo shahidi wenu.

Maswali: Kwa nini punje 10 hazitoshi? Kwa nini tunaweka kilo ya pili? Ukiweza kujibu, mfundishe jirani.