Usalama wa Uwanja Huanzia Langoni

Swali: Tukijengewa uwanja mkubwa hapa Busia, fedha za usalama zianze na kamera? – Msomaji, Malaba

Jibu: Hapana, zianze na malango na mawasiliano. Oktoba 2010, mashabiki 7 walifariki Uwanja wa Nyayo katika mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards, baada ya msongamano langoni. Kamera huonyesha msongamano, haiupunguzi. Kinachookoa maisha ni malango mapana yanayohesabu watu, redio zinazowaunganisha walinzi, polisi na wahudumu wa afya na chumba kimoja cha uongozi, na vipaza sauti vyenye betri. Utasema simu zinatosha. Hazitoshi: maelfu wakipiga kwa pamoja, mtandao hulemewa, na hapa mpakani simu huweza kunasa mtandao wa Uganda. Wengine watasema kamera huwatia hofu wahalifu. Ni kweli, nazo zinunuliwe, ila zifuate. Katika michuano ya CHAN iliyochezwa 2025, mashabiki walipovunja utaratibu wa kuingia Uwanja wa Kasarani, shirikisho la soka Afrika (CAF) liliwapunguza watazamaji hadi 27,000. Kwa hiyo, kwenye vikao vya maoni ya umma, ulizeni: malango ni mangapi, na umeme ukikatika, tangazo litasikika?