PUMU: USIIACHE DAWA YA KILA SIKU

Leo tujifunze juu ya dawa za pumu. Pumu ni ugonjwa wa njia za hewa zilizomo ndani ya mapafu. Haitokani na kurogwa, wala haiambukizi. Vumbi, moshi, baridi na mafua huweza kuiamsha.

Kifua kinapobana

Chukua mrija wa kunywea soda, upulize. Hewa hupita bila taabu. Sasa ubane kwa vidole, upulize tena. Hewa hupita kwa shida. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa mgonjwa wa pumu. Misuli inayozunguka njia za hewa hukaza. Ngozi ya ndani ya njia hizo huvimba. Makohozi mazito huziba nafasi iliyobaki.

Dawa za aina mbili

Dawa ya kwanza ni ya kufungua njia. Inaitwa salbutamoli. Ilianza kuuzwa mwaka 1969. Hulegeza misuli iliyokaza. Ikivutwa kwa pampu, huleta nafuu katika dakika chache. Nguvu yake hudumu saa 4 mpaka 6 tu. Uvimbe hauuondoi.

Dawa ya pili ni ya kuzuia. Mojawapo ni beklometasoni, iliyoanza kuvutwa kwa pampu mwaka 1972. Hupunguza uvimbe polepole, kwa siku na wiki. Kwa hiyo huvutwa kila siku kama mganga alivyoagiza, hata siku ambayo kifua ni kizima. Ukishaivuta, sukutua kinywa kwa maji, uteme.

Nyumba ikishika moto, ukifungua mlango moshi utatoka, lakini moto bado unawaka. Salbutamoli hufungua mlango. Beklometasoni huzima moto.

Hatari iko wapi?

Mgonjwa huipenda salbutamoli kwa sababu humpa nafuu upesi. Ile ya kuzuia huiacha, kwa kuwa haoni kazi yake. Uvimbe huzidi kimya kimya. Siku moja kifua hubana, na salbutamoli haifui dafu. Watu hufa hivyo, pampu ikiwa mkononi. Ukiona unahitaji salbutamoli zaidi ya mara 2 kwa wiki, pumu yako haijatulia. Rudi zahanati.

Wengine huiogopa pampu. Husema ni ya mtu anayekaribia kufa. Si kweli. Kidonge hupita tumboni na kuenea mwili mzima. Huchelewa kufanya kazi, na hutetemesha mikono na kuendesha moyo mbio zaidi. Dawa ya pampu huenda moja kwa moja mapafuni, kwa kiasi kidogo.

Chupa ya kusaidia

Watoto wengi hawawezi kuvuta pampu vizuri. Watengenezee chombo. Chukua chupa safi ya plastiki ya nusu lita. Toboa kitako chake, tundu lilingane na mdomo wa pampu. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walionyesha kwamba chupa hiyo hufanya kazi sawa na chombo cha kununua. Tikisa pampu, uichomeke kwenye tundu. Mtoto abane mdomo wa chupa kwa midomo yake. Bonyeza mara moja. Avute na kutoa pumzi mara 5, polepole.

Dalili za kukimbilia hospitali

1. Mgonjwa hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja.
2. Midomo inageuka rangi ya bluu.
3. Ngozi katikati ya mbavu inaingia ndani akivuta pumzi.
4. Salbutamoli haimpi nafuu.

Ukiona hata moja, usingoje kuche. Mketishe wima. Mpe salbutamoli kwa chupa, bonyezo moja moja, hata kufika 10, huku mkitafuta usafiri.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini salbutamoli peke yake haitoshi?
2. Kijijini kwetu ni nani mwenye pumu, na usiku atafikishwaje hospitali?