Namba 4,294,967,297 na Kigawo Chake 641

Kwa nini namba hii ikapata sifa kubwa kiasi hiki?

Kwa sababu ilimkosesha Pierre de Fermat. Ukizidisha 2 kwa 2 mpaka zitimie 32, yaani 2³², kisha ukaongeza 1, unaipata. Vipeo 1, 2, 4, 8 na 16 vinatoa kwa njia hiyohiyo 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote namba tasa. Mwaka 1640 Mfaransa huyo alieleza imani yake kwamba mfululizo mzima ni tasa. Uthibitisho hakuwa nao. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba namba ya sita ni 641 × 6,700,417.

Euler aliipataje 641 bila kikokotoo?

Kwa kufikiri kwanza, kugawanya baadaye. Anayejaribu namba tasa moja moja hadi kipeuo cha pili ana namba 6,542 za kupitia. Euler alithibitisha kwamba kigawo chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Namba tasa za kwanza zenye sifa hiyo ni 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641. Kwangu mimi, huo ndio uzuri wa hisabati: sharti moja limefuta maelfu ya majaribio.

Je, mwanafunzi wa sekondari anaweza kuhakikisha mwenyewe?

Anaweza, na ningependa kila mmoja ajaribu. Tunaangalia mabaki tu baada ya kugawanya kwa 641. Namba 640 ni 5 × 2⁷, nayo imepungua 1 kufikia 641, kwa hiyo tunaihesabu kama −1. Ipandishe kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ inahesabika kama 1. Sasa tazama 5⁴. Ni 625, pungufu ya 641 kwa 16, basi inahesabika kama −16, yaani −2⁴. Iweke mahali pake, upate kwamba −2³² inahesabika kama 1. Maana yake 2³² + 1 haibakizi kitu. Hatukuigawanya ile namba ndefu hata mara moja!

Baada ya hapo, zimepatikana tasa nyingine za Fermat?

Hakuna hata moja. Kuanzia hii ya kipeo cha 32, namba 28 mfululizo zimethibitishwa kuwa si tasa. Inayofuata ina tarakimu zaidi ya bilioni 2.5, na haijaamuliwa.

Na zile tano za mwanzo zina kazi gani?

Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss aligundua kwamba umbo sawa la pande 17 huchorwa kwa rula na bikari peke yake, kwa kuwa 17 ni tasa ya Fermat. Zidisha zote tano pamoja: unapata 4,294,967,295, pungufu ya namba yetu kwa 2 tu. Hiyo ndiyo idadi kubwa kabisa ya pande, miongoni mwa witiri, inayojulikana kuchoreka kwa vifaa hivyo viwili.