Barua Moja kwa Milango Mingi



Katika darasa yetu ya leo twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi katika sisi twalitamani, nalo ni kuandika neno mara moja likasomwa mahali pengi. Mtu ana blogu yake, ana ukurasa katika Facebook, na ana jina katika Twitter, ambayo tangu mwaka 2023 yaitwa X. Akiwa na darasa ya kueneza au tangazo la maziko, hulazimika kuzunguka mlango baada ya mlango akikariri lile lile. Huenda mtu akauliza: Je, haiwezekani barua pepe moja ikafika kote? Twajibu kwamba imewezekana, na kisa chake kina mazingatio makubwa.

Kwanza yatupasa kujua jambo lenyewe huwaje. Barua pepe ni kongwe kuliko kurasa za intaneti. Ray Tomlinson wa Marekani alipeleka ya kwanza kutoka mashine moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao mwaka 1971, ilhali kurasa hizi Tim Berners-Lee alizitolea shauri mwaka 1989. Kila barua ya namna hiyo ina sehemu zilizo wazi: jina la mwenye kupeleka, anwani ya mpelekewa, kichwa cha habari, maneno yenyewe, na vitu vilivyoambatishwa. Kwa kuwa sehemu hizo zina mpango maalumu, mashine yaweza kuzitenga bila ya msaada wa mtu. Kichwa cha barua kikawa kichwa cha makala, maneno yakawa makala, na picha zikapangwa mahali pake.

Juu ya msingi huo Sachin Agarwal na Garry Tan waliasisi huduma ya Posterous huko Marekani mwaka 2008. Mwandishi alipeleka barua yake, na huduma ikamtengenezea ukurasa. Kisha, kwa idhini aliyokwisha kuitoa, ikapeleka habari ile Twitter, Facebook, Flickr na katika blogu zake nyingine. Na akitaka baadhi tu ya milango, alitaja jina la mlango huo katika anwani ya barua. Watu walifurahi, kwani aliyejua kuandika barua pepe hakuhitaji kujifunza zaidi.

Lakini tazameni yaliyofuata. Mwezi wa Machi 2012 Posterous ilinunuliwa na Twitter. Tarehe 15 Februari 2013 wenyewe walitangaziwa kwamba huduma itafungwa, na tarehe 30 Aprili ikafungwa kweli. Baina ya tangazo na kufungwa ni siku 74. Aliyepata habari akachukua nakala ya maandishi yake alisalimika. Je, aliyeghafilika? Huenda alidhani kwamba maandishi yake yamo mahali pengi, basi hayapotei. Hakujua kwamba neno lililofika Twitter lilikuwa ni kichwa tu na kiungo cha kumrudisha msomaji kule kule kwenye asili. Asili ilipoondoka, milango ilibaki mingi na chumba hakuna.

Wala si hilo peke yake. Tarehe 1 Agosti 2018 Facebook iliondoa ruhusa ya programu za nje kuandika katika kurasa za watu binafsi. Waliozoea kuandikiwa na mashine waliamka wakaukuta mlango umefungwa, wala hawakushauriwa. Mpangaji hana neno mwenye nyumba akibadilisha kufuli.

Basi mwenye kutaka kutumia njia ya namna hii na ashike mambo matatu.

La kwanza, afiche anwani. Huduma kama Blogger zilimpa mwandishi anwani ya siri ya kupelekea makala. Anwani hiyo ndiyo ufunguo wenyewe. Atakayeijua ataweza kusema kwa jina lako, nawe umelala.

La pili, asome mara mbili kabla ya kupeleka. Maji yakimwagika hayazoleki. Aliyekosea saa ya maziko katika ukurasa mmoja ana pahala pamoja pa kusahihisha. Aliyeipeleka barua kwa milango mitano ana makosa matano, na mara nyingi itambidi aingie kila mlango kuyaondoa. Nao waliokwisha kusoma wameshika njia.

La tatu, nalo ndilo kubwa, aweke asili kwake. Aandike kwanza katika daftari au katika kompyuta yake mwenyewe, aweke na nakala ya pili mahali pengine, kisha ndipo apeleke. Wazee wetu walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Na maandishi ni mali. Pengine ndiyo mali ya pekee ambayo mtu huwaachia hata wasiokuwa jamaa zake.

Hatusemi kwamba njia hii iachwe. Kufikisha neno kwa wengi kwa taabu ndogo ni jambo jema. Tusemalo ni kwamba kueneza si kuhifadhi. Leo usiku, kabla ya kulala, kila mmoja wetu na ajiulize: kurasa zote hizi zikifungwa kesho, ni maneno yangu mangapi yatakayobaki mkononi mwangu?