Somo la Ufundi: Kufunga Geji na Kihisi cha Joto la Giaboksi katika Lori

Wilaya yetu ipo penye njia panda. Barabara itokayo Dar es Salaam kwa kupitia Singida na Igunga hugawanyika hapa Nzega: tawi moja huelekea Tabora, na jingine huenda Tinde, na kutoka huko hufika Shinyanga na Mwanza, au Kahama na mipaka ya Rwanda na Burundi. Katika karne ya 19 mizigo ilipita Unyamwezi juu ya mabega ya wapagazi, na kirangozi aliyeijua kazi yake aliwatazama watu wake ili aone uchovu kabla mtu hajaanguka. Leo mzigo umo ndani ya lori, na uchovu wa mtambo hauonekani kwa macho. Somo hili linawahusu wenye malori, madereva, mafundi, na kila mkazi anayekodi gari kupeleka mpunga, pamba au alizeti sokoni.

Kwa nini geji, ilhali taa ipo

Malori mengi huwa na taa nyekundu ya presha ya oili na geji ya joto la maji. Taa ni shahidi wa mwisho: ikiwaka, madhara huenda yamekwishaanza. Geji huonyesha mwenendo. Dereva aliyezoea kuona mshale mahali pamoja kila siku atashtuka ukisogea kidogo tu, naye atakuwa na muda wa kuchukua hatua.

Giaboksi ndiyo husahaulika zaidi, kwa kuwa magari mengi hayana geji yake kabisa. Katika giaboksi ya otomatiki, nguvu ya injini hupitia oili kabla ya kufika kwenye gia. Gari linapojikongoja kwenye tope la masika, au linapopanda mlima likiwa na shehena, oili hiyo husuguliwa mno na joto hupanda upesi. Mafundi wana kanuni ya makadirio: oili ikishapita joto lake la kawaida, kila nyuzi 10 za ziada hupunguza maisha yake kwa nusu. Giaboksi ya mkono huvumilia zaidi, lakini oili ikipungua au ikichakaa, nayo huungua.

Hasara si ya fedha pekee. Kutoka Nzega kwenda Singida sharti kupanda mlima Sekenke, na anayerudi sharti aushuke. Giaboksi ikiachia gia wakati wa kushuka, lori hupoteza msaada wa injini katika kupunguza mwendo, na uzito wote hubaki juu ya breki.

Kuchagua vifaa

Kwanza, ujue umeme wa gari lako. Malori mengi makubwa hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano. Magari madogo hutumia volti 12. Geji ya volti 12 ikipewa 24 itaungua. Wengine hukwepa jambo hili kwa kuchukua umeme wa betri moja kati ya mbili. Hilo ni kosa, kwa sababu betri hiyo huchoka kabla ya mwenzake na zote mbili hufa mapema.

Pili, geji na kihisi chake, ambacho mafundi wengi hukiita sensa, vinunuliwe pamoja. Kihisi hubadili kipimo cha umeme kadiri joto linavyobadilika, na geji hutengenezwa ili isome kihisi cha aina yake. Ukichanganya viwili visivyolingana, mshale utacheza vizuri lakini utasema uongo.

Tatu, linganisha hesi ya kihisi na ya tundu litakalokipokea. Kihisi kinachoingia kwa nguvu hupasua kasha la giaboksi.

Kufunga hatua kwa hatua

1. Egesha gari mahali tambarare, weka vigingi kwenye magurudumu, na usubiri oili ipoe. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

2. Ondoa waya wa hasi wa betri kabla ya kugusa nyaya nyingine.

3. Chagua mahali pa kihisi. Giaboksi nyingi za otomatiki zina tundu la kupimia lililozibwa kwa nati. Mahali pengine ni kwenye bomba linalopeleka oili kwenye kipozaji. Hapo kipimo huwa juu kuliko ndani ya sampo, na dereva aelezwe hivyo. Katika giaboksi ya mkono, baadhi ya mafundi hutumia nati ya kumwagia oili iliyotobolewa na kukatwa hesi. Hakikisha haichomozi chini kiasi cha kugongwa na mawe.

4. Kihisi chenye waya mmoja hupata athi kupitia mwili wake. Ukikizungushia utepe mwingi wa mafundi bomba, utakata njia hiyo na geji haitasoma sawasawa. Kaza kwa kiasi, kisha rudisha oili iliyomwagika hadi kipimo chake.

5. Pitisha waya mbali na bomba la moshi na shafti inayozunguka. Panapopita kwenye bati, weka mpira ili waya usikatwe kwa mtikisiko wa barabara zetu.

6. Geji ipate umeme unaowaka na kuzima kwa swichi ya gari, kupitia fyuzi ndogo kama maelekezo ya geji yanavyotaka. Waya wa athi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Taa ya geji iunganishwe na taa ndogo za gari.

7. Weka geji mahali dereva atakapoiona bila kuinamisha kichwa.

Kujaribu kabla ya kuamini

Kabla ya kukaza kihisi mahali pake, kiunganishe na geji, funga waya wa athi kwenye mwili wake, kisha kitumbukize ncha katika maji yanayochemka. Hapa kwetu, tukiwa kwenye uwanda wa juu wa takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 96 na si 100 kama pwani. Geji ikisoma karibu na hapo, ni ya kuaminika. Ikisoma 80 au 115, irudishe dukani.

Kusoma mshale

Kitabu cha gari ndicho mwamuzi wa kwanza. Kwa ujumla, oili ya giaboksi ya otomatiki hufanya kazi vyema kati ya nyuzi 80 na 95. Kufika 110 mlimani kwa muda mfupi si ajabu. Ikikaribia 120, punguza mwendo, tumia gia ya chini, na utafute mahali salama pa kusimama. Hapo weka gia huru na uiache injini iunguruma kwa mwendo uliozidi kidogo ule wa kawaida, ili oili iendelee kupita kwenye kipozaji. Ukizima mara moja, oili ya moto hubaki imesimama. Giaboksi ya mkono iliyodumu juu ya 120 nayo isimamishwe ipoe, kisha ikaguliwe kiasi cha oili na mivujo.

Andika katika daftari kipimo cha kila safari: njia, mzigo na joto la juu kabisa. Baada ya mwezi mmoja utaujua mwenendo wa gari lako. Njia ikiwa ileile na mzigo uleule, lakini joto limepanda kwa nyuzi 10, tafuta sababu gari likiwa nyumbani, kabla hujalifuata limekwama Sekenke likiwa na mpunga wa jirani.

Geji haiponyi mtambo mbovu, wala haichukui nafasi ya matengenezo. Hutoa taarifa mapema, na faida ya taarifa hiyo humfikia dereva anayeitazama na tajiri asiyemkemea aliposimama kuupoza mtambo.